Deni la Mwezi Mmoja

Ndugu msomaji, habari za maradhi katika kurasa kama hizi huandikwa na watu wa utabibu, nami si mmoja wao. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kilwa Kivinje, niliyefundisha hesabu na jiografia kwa miaka thelathini na miwili, na elimu yangu ya mwili wa binadamu ni ile niliyokuwa nikiwasomea watoto wa darasa la saba kutoka kitabuni. Hata hivyo nimeona nishike kalamu, kwa kuwa jambo lililompata mdogo wangu kule Namtumbo lilikuwa na mkono wangu ndani yake, na wapo wengi katika majumba yetu ya Mwambao ambao leo hii wanafanya vile vile nilivyofanya mimi, tena kwa nia njema kabisa.

Kwa asiyepajua Namtumbo: kutoka kwetu unashuka hadi Lindi, unapanda Masasi, unapita Mangaka na Tunduru, ndipo unaingia Namtumbo, na hapo umebakiza kilomita kama 70 tu kufika Songea mjini. Zamani nchi yote ile ilikuwa Wilaya ya Songea. Namtumbo ilipata wilaya yake mwaka 2002. Ni nchi ya miombo na tumbaku, ya mahindi na ufuta, na mwezi wa Juni kuna baridi ya kumlaza mtu wa pwani na koti lake. Wenyeji ni Wandendeule, Wangoni na Wayao, na misikiti ni mingi kuliko tunavyodhani sisi tunaofikiri kwamba Uislamu unakoma pale minazi inapokoma.

Mdogo wangu aliolewa huko mwaka 1994 na mkulima wa tumbaku, mtu mpole, mchache wa maneno, ambaye sifa yake kubwa nitaieleza mbele. Mwaka 2015 akaanza kutokwa na damu katika siku zisizo zake. Akaficha. Alimficha mumewe, akamficha binti yake, na mimi kaka yake ndiyo kabisa hakutaka nisikie. Alipofikishwa hospitali miezi minane ilikwisha kupita, na jawabu likawa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine yoyote hapa Tanzania. Nayataja maradhi kwa jina lake kwa ruhusa yake mwenyewe. Nilipomwuliza kama nilifunike, alinijibu: “Liandike, kaka. Kulifunika ndiko kulikonipotezea miezi minane.”

Akapelekwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, mpaka Ocean Road. Hospitali ile ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na tabibu wao mashuhuri Robert Koch alifanya kazi pale. Tangu mwaka 1996 imekuwa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge. Mdogo wangu anasema kitu cha kwanza kilichomliwaza pale hakikuwa dawa wala maneno ya mtu, bali harufu ya bahari, ambayo hakuwa ameinusa kwa miaka mitatu.

Matibabu yalichukua miezi karibu kumi. Kwanza alitiwa dawa kwa njia ya dripu ili uvimbe unywee, kisha akapigwa mionzi ikifuatana na dawa kila wiki, kisha dawa tena. Ramadhani ya mwaka 2016 ilimkuta amelala na sindano mkononi, na mwezi mzima ukampita hakufunga hata siku moja. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwani ndilo lililokuja kumwangusha.

Dawa aliyopewa zaidi inaitwa sisplatini, na kisa chake kinapendeza kukisimulia. Mwaka 1965, huko Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Barnett Rosenberg alitaka kujua kama umeme unaweza kugusa namna vijidudu vinavyojigawa. Akavipitishia umeme kwa vijiti vya platini, yale madini ya thamani ambayo matajiri huyavaa pete. Vijidudu vikaacha kujigawa, vikarefuka tu kama nyuzi. Baada ya kutafuta sana akagundua kwamba aliyefanya kazi hakuwa umeme: platini kidogo ilikuwa imeyeyuka na kuingia majini. Kinachozuia kijidudu kujigawa huenda kikaizuia saratani nayo isijigawe, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1978 dawa ikaruhusiwa kutumika kule Marekani, na tangu hapo imewaponya watu wasiohesabika duniani kote. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanielewa kwamba naitukana dawa. Uvimbe wa mdogo wangu ulinywea ukatoweka, na mpaka leo haujarudi, alhamdulillahi. Lakini platini ile hutokea kwa njia ya figo, na kupita kwake si bure.

Alirudi Namtumbo mwezi Novemba 2016, amekonda, nywele zimeanza kuota tena laini kama za mtoto. Sisi wa Kivinje tukachinja mbuzi. Kwetu sisi mambo yalikuwa yamekwisha.

Mwezi wa Januari akanipigia simu. “Kaka, vidole vinanichomachoma, kama nimeshika upupu. Na usiku misuli ya miguu inakaza mpaka nalia.” Nikamwambia hiyo ni dawa inamalizika mwilini, avute subira. Mwezi wa Februari akaniambia kwamba anachoka hata kubeba ndoo ndogo, na midomo inatetema yenyewe. Nikamwambia amshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai, wapo aliokuwa nao wodini ambao leo hawana hata midomo ya kutetema. Naiandika sentensi hiyo kama nilivyoisema, nami naona haya. Mwezi wa Machi hakuniambia kitu, nami nikadhani amepona.

Jambo jingine alilolalamikia lilikuwa kiungulia. Hilo nililiweza. Jirani yangu mmoja alikuwa akitumia vidonge vya omeprazoli kwa tumbo lake na alivisifu sana, basi nikanunua boksi katika duka la dawa, nikampa kondakta wa basi la Masasi, kutoka huko likaunganishwa mpaka likamfikia. Kiungulia kikatulia. Nikatuma jingine, na jingine, miezi mitano mfululizo, na kila mara nikajiona ndugu mwema. Sikumwuliza daktari, wala yeye hakumwuliza, kwani kilichotoka kwa kaka kitaulizwaje?

Ukaingia mwezi wa Rajabu, na Shaabani nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa na deni la mwezi mzima wa saumu, na Ramadhani nyingine ilikuwa inakuja. Sote tunaijua hofu ile ya wanawake wetu, ya kuingiwa na Ramadhani hali deni la mwaka jana halijalipwa. Akaanza kulipa. Tumbo lake lilikuwa likiharisha mara kwa mara tangu mionzi, na kwa ajili hiyo akapunguza kunywa maji hata usiku. Mumewe akamwambia apumzike. Akamjibu kwamba mwenye deni hapumziki, na lau angekufa katika dripu deni lile angekwenda nalo wapi. Akalipa siku kumi na tisa. Zilizobaki akashindwa kuzimaliza, Ramadhani ikaandama mwishoni mwa Mei 2017, naye akaifunga.

Nilifika Namtumbo siku ya kumi na moja ya mwezi huo nimebeba nazi, tende, ng'onda na boksi la vidonge. Alinipokea mlangoni kwa furaha, lakini nilipompa mkono niliona vidole vyake vinatetemeka kama vya bibi kizee, naye alikuwa bado hajatimiza miaka hamsini. Nikanyamaza. Mtu hamwambii mgonjwa kwamba anaonekana mgonjwa, au ndivyo tulivyolelewa.

Kesho yake alipika mwenyewe, mihogo ya nazi kwa kuwa nazi zimefika, na uji wa pilipili manga. Adhana ikaadhiniwa. Akachukua tende, nayo ikamponyoka. Nilimtazama mkono: ulikuwa umejikunja kwenye kifundo, vidole vimenyooka na ncha zake zimeshikamana, kidole gumba kimeingia ndani ya kiganja. Mkono wa pili ukafuata. Akataka kusema, sauti ikatoka nyembamba kama inapita katika tundu la sindano, kisha akaanguka kando ya jamvi na mwili wote ukaanza kutupika. Binti yake akapiga ukelele, “Mjomba, mama anakufa!”

Majirani wakajaa. Msomaji anaweza kukisia yaliyosemwa. Mmoja akaleta ubani. Mwingine akasema hiki kitu kilikuwa kikimnyemelea tangu zamani, mkono ule si wa kwake. Akaitwa Maalim wa msikiti wa pale, mzee ambaye Namtumbo nzima humwendea kwa shida zake. Akaja, akaketi kichwani pake, akasoma dua kwa utulivu mpaka mwili ukatulia. Watu wakapumua. Kisha akasimama akasema, “Mimi langu nimelitimiza. Sasa tafuteni gari.” Shangazi mmoja wa shemeji yangu akataka kwanza aandikiwe kombe la zafarani. Maalim akamjibu kwamba kombe ataliandika, na mgonjwa atalinywea njiani kama atakuwa anaweza kumeza.

Sitaitaja hospitali tuliyompeleka usiku ule, ila nitasema kwamba waliokuwa zamu walifanya kazi yao. Nesi akamfunga mkononi ule mpira wa mashine ya presha, akaupuliza. Mkono ambao ulikuwa umelegea na kunyooka ukaanza kujikunja upya mbele ya macho yetu, taratibu, vidole vikakutana ncha kwa ncha. Shangazi akashika mdomo: “Mnaona? Hataki kuguswa!” Nesi hakushtuka. Akamwita daktari, kijana mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, naye akaomba arudiwe kufungwa, akahesabu kwa saa yake, na kabla dakika tatu hazijatimia mkono ukajikunja tena.

“Mwalimu,” akaniambia, “hii dalili ina miaka zaidi ya mia moja na hamsini vitabuni. Tabibu wa Kifaransa aitwaye Trousseau ndiye aliyeieleza. Wakauita mkono wa mkunga, kwa kuwa ndivyo mkunga anavyokusanya vidole vyake anapomhudumia mzazi. Chumvi moja ya damu yake imepungua, inaitwa kalsiamu. Ikipungua, mishipa ya fahamu inakuwa na wasiwasi, ukiibana kidogo tu inaamsha misuli.”

Akampa kalsiamu kwa sindano, polepole. Mikono ikafunguka. Tukasema alhamdulillahi, shemeji akaenda kuswali. Kabla ya alfajiri mikono ikakunjika tena. Akapewa tena, ikafunguka, na saa mbili asubuhi ikawa vile vile. Ndipo daktari yule akaketi kitandani pake na kuuliza swali ambalo hakuna miongoni mwetu aliyekuwa amelifikiria: huyu mama alitibiwa maradhi gani kabla ya haya, na kwa dawa gani?

Hapa ndipo pa kuitaja sifa ya shemeji yangu. Mtu yule hatupi karatasi. Risiti za tumbaku za miaka ishirini anazo. Akatoka bila kusema neno, akapanda pikipiki hadi nyumbani, akarudi na kopo la biskuti, na ndani ya kopo lile mlikuwa na kila cheti cha Ocean Road kwa mpangilio wa tarehe. Daktari akasoma, akapiga hesabu pembeni ya karatasi. Akaona sisplatini, mzunguko baada ya mzunguko. Akaomba aone na dawa anazotumia sasa, binti akafungua mkoba, na mle likatoka boksi langu.

“Hizi nani anampa?”

“Mimi,” nikasema.

Hakunikaripia. Labda lingekuwa jambo jepesi zaidi kwangu kama angenikaripia. Alivuta kiti akanieleza, nami nitajaribu kumweleza msomaji kama nilivyoelewa.

Figo, alisema, hufanya kazi kama mama anayechagua mchele. Haendi kutafuta pumba moja moja. Huumwaga mchele wote kwenye ungo, kisha huokota ulio mwema na kuurudisha sufuriani. Figo nazo humwaga maji na chumvi nyingi za damu katika mirija midogo sana, na mirija hiyo huzirudisha zile ambazo mwili unazihitaji. Mojawapo ni magnesiamu. Sisplatini inapopita pale huijeruhi mirija inayoiokota, basi magnesiamu hutoka na mkojo mchana na usiku, hata mwili unapoilia. Na si lazima ikome dawa inapokoma: huweza kuendelea miezi, na kwa wengine miaka. Hilo ni tundu la kwanza. La pili ni kuharisha kulikoachwa na mionzi, maana utumbo nao unaimwaga. La tatu ni omeprazoli, ambayo kwa watu wengi haina neno ikitumiwa kwa siku chache, lakini ikitumiwa miezi mingi huwazuia baadhi ya watu wasiinyonye magnesiamu kutoka kwenye chakula. Na juu ya matundu hayo matatu, mtu anafunga, akila kidogo na kunywa kidogo.

“Na kalsiamu je?” nikamwuliza. “Si ndiyo uliyosema imepungua?”

Akasema hapo ndipo watu wengi hupotea. Nyuma ya tezi ya shingo zipo tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya dengu, ambazo ndizo zinazoagiza kalsiamu itoke mifupani iingie katika damu. Magnesiamu ikishuka sana tezi hizo hunyamaza, na kalsiamu inaanguka kwa sababu hakuna anayeiita. Potasiamu nayo huvuja. Utampa mgonjwa kalsiamu usiku kucha na kila saa itatoweka, mpaka umrudishie magnesiamu kwanza.

Maabara siku ile haikuwa na kipimo cha magnesiamu. Ilibidi damu isafirishwe, na jibu lilitufikia siku ya tisa: 0.3, ilhali kwa mtu mzima mwenye afya haiteremki kwa kawaida chini ya 0.7. Lau angengoja jibu lile, sijui kama ningekuwa naandika makala haya au tanzia. Lakini dawa yenyewe ilikuwapo, mlango wa tatu kutoka pale tulipoketi. Ilikuwa katika wodi ya wazazi. Magnesiamu salfeti ndiyo sindano inayowaokoa akina mama wanaopata kifafa cha mimba. Mkunga akaileta mwenyewe mkononi. Wakampima kwanza figo na mkojo, wakamgonga goti kwa nyundo ndogo kuona kama mguu unaruka, kwani ikizidi nayo ni hatari, ndipo wakaitia katika dripu ya polepole. Kufika adhuhuri ya siku ya pili mikono ilikuwa imefunguka na haikukunjika tena. Shangazi aliyetaka kombe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika kiganja na kukinyoosha kidole kimoja kimoja, huku akilia.

Nikamwuliza daktari kama jambo hili ni la ajabu. Akasema magnesiamu kushuka baada ya sisplatini si nadra hata kidogo, madaktari wa Marekani waliliandika wazi mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya dawa kuruhusiwa. Kilicho nadra ni kuachwa hadi mtu anaanguka na kutupika. Nikapiga hesabu ya mwalimu: elimu hiyo ilikuwa duniani tangu mdogo wangu hajaanza shule.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza, hata wanangu wananicheka. Nimejifunza kwamba kila dawa ya saratani ina mlango wake wa kutokea. Lile ua la rangi ya waridi au nyeupe, lenye majani matano, linaloota lenyewe uani na makaburini kwetu pwani, asili yake ni Bukini, na humo mna dawa iitwayo vinkristini, inayowaponya watoto wenye saratani ya damu. Lakini mara chache huufanya mwili ushindwe kuyaachia maji, chumvi ya damu ikazimuliwa, mtoto akapatwa na usingizi mzito au kifafa. Ipo nyingine, ifosfamidi, inayoweza kumwachia mtoto aliyepona figo zinazomwaga fosfati, miguu yake ikaanza kupinda hali ya kuwa saratani imekwisha na watu wameisahau. Na pale Kampala, ambako Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 ule uvimbe wa taya za watoto uliopewa jina lake, imeonekana kwamba uvimbe ule huweza kuyeyuka kwa dawa katika siku chache, na kuyeyuka kwa haraka hivyo kuna hatari yake, kwa maana mabaki ya uvimbe humiminika katika damu kwa pamoja na kuzielemea figo. Hata kupona kunahitaji kuangaliwa. Sikuwa nalijua hilo.

Lakini nirudi kwangu. Mdogo wangu alisema. Hili ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo. Maradhi ya kwanza aliyaficha kwa haya, na tukamlaumu sote. Ya pili aliyasema, mara tatu, kwa mtu aliyemwamini, na mtu huyo akamwambia avute subira. Nilikuwa nalitumia neno kubwa la dini kuziba mdomo wa mgonjwa kwa sababu sikutaka kusikia kwamba maradhi yamerudi. Ayubu mwenyewe alimlalamikia Mola wake, wala hakuandikwa miongoni mwa wasiosubiri. Kwetu imekuwa mgonjwa mwema ni yule asiyesumbua, na tunamsifu hivyo hivyo hadi makaburini: marehemu alikuwa mvumilivu, hakulalamika. Kila nisikiapo sifa hiyo siku hizi najiuliza ni nani aliyemwambia asilalamike.

Siku ya nne Maalim alikuja wodini. Hakuanza kwa mgonjwa, alianza kwa daktari, akamwuliza maswali mawili tu mbele yetu: je, saumu itamdhuru? Na je, figo hizi zitarudi? Daktari akajibu kwamba la kwanza ni ndiyo bila shaka, na la pili, huenda baada ya miezi au miaka, na huenda zisirudi. Maalim akageuka. “Mwanangu, leo utakula. Zikirudi figo zako, utalipa siku zako. Ikithibiti kwamba hazirudi, utatoa kibaba cha chakula kwa kila siku umpe maskini, na hapo huna deni.”

Mdogo wangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga. “Zile kumi na moja zilizobaki za mwaka jana je?”

“Nazo ni hivyo hivyo.”

“Na kama nilijidhuru kwa kufunga?”

Maalim alikaa kimya kidogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mzee wa umri wake: kwamba kosa ni letu sisi tunaokaa mimbarini tukawahimiza watu walipe madeni, na hatukai robo saa kuwaeleza ni nani hasa hadaiwi. Ijumaa iliyofuata, shemeji aliniambia, hotuba yote ilikuwa ya jambo hilo.

Figo hazikurudi kama tulivyotumaini. Vidonge vya magnesiamu hupewa, lakini navyo huharisha, basi kipimo chake ni kama kutembea juu ya ukuta: vikizidi tumbo linafunguka na kumwaga kile kile kilichoingia. Omeprazoli daktari aliiachisha, akampa dawa nyingine ya kiungulia. Damu hupimwa kila baada ya miezi michache. Chakula nacho kimebadilika. Ameacha sembe anakula dona, na katika uji hutia ufuta, ambao Namtumbo upo tele, na mbegu za maboga zilizokaangwa na kutwangwa, ambazo sisi Kivinje huwatupia kuku. Mimi kazi yangu sasa ni kumpelekea korosho. Vidonge sipeleki tena.

Tangu mwaka 2018 hutoa fidia. Mwaka jana nilikuwapo kule, njia zote matope kwa mvua. Alikuwa amekaa barazani kupima mchele, vibaba thelathini, kila kibaba katika mfuko wake, na binti yake akisoma majina ya watakaopelekewa. Nilimtazama mkono. Alikuwa akikijaza kibaba, anakipiga shavuni kwa kiganja mchele ukae, anaongeza, kisha anausawazisha juu kwa kidole, na hakikudondoka hata kimoja. Alipofika cha ishirini na kitu akainua macho akanikuta namtazama, akayashusha tena kwenye mchele.

“Na wewe kaka,” akasema, “ile miguu yako inayowaka usiku, umekwisha kumwambia daktari wa sukari?”

Mimi nikashika mfuko mmoja, nikawa nautafutia kamba.